Vijiti Nilivyoongeza

Mke wangu alipoteza jicho lake la kulia kidogo kidogo, kwa muda wa miaka mitatu, na mtu wa kwanza kujua alikuwa mimi. Si daktari wa hospitali, si yeye mwenyewe. Ni mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye kigoda kando yake ukingoni mwa Ziwa Nakuru, penseli mkononi na karatasi magotini. Nilijua, na nikanyamaza. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa namna nyingine, nianze na ndege, nianze na ziwa, lakini kila nikianza huko najikuta nimejipendelea. Kwa hivyo nimeanza na jicho.

Sisi ni watu wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nina duka pale sentani, penye maduka, nauza mbegu, chumvi ya ng'ombe na dawa za mifugo, na wakulima huniita daktari ingawa chuo kikuu nimekiona kwa nje tu. Mke wangu alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Kila mtu Bahati, kuanzia vijana wa bodaboda hadi pasta, humwita Mwalimu. Hata mimi. Nilianza kwa kumtania tulipooana, kwa sababu alikuwa akinisahihisha hata namna ya kukunja gazeti, na jina likaganda. Yeye naye akawa ananiita Daktari, kwa kunikejeli kidogo, na tukazeeka tukiitana hivyo.

Habari za ndege aliziokota shuleni. Alipewa chama cha wanafunzi cha mazingira kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka, akawapeleka watoto ziwani, na huko mtu fulani akamwonyesha darubini. Alirudi nyumbani akiwa na tope hadi magotini.

"Unajua kuna ndege mdogo kama shomoro anatoka Siberia, anakuja mpaka hapa kwetu, kula tope?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba mimi ningekuwa na mabawa nisingesafiri mwendo huo wote kwa ajili ya tope. Hakucheka. Tangu siku hiyo mwezi wa Januari haukuwa wangu tena.

Maana Januari ndio mwezi wa kuhesabu. Watu wa kujitolea hukusanyika asubuhi moja, hugawanywa kuzunguka ziwa, kila kikundi na kipande chake cha ufuo, na wote huhesabu kwa saa zile zile ili ndege wasihesabiwe mara mbili. Wengi wa ndege hao ni wageni. Kwao huwa baridi kali, barafu tupu, nao hufika kwetu kuanzia Oktoba, hula wakanenepa, na Machi au Aprili hurudi. Kuna bata wenye midomo kama koleo. Kuna korongo weupe ambao unawapita njiani wakifuata trekta kwenye mashamba ya ngano. Na kuna wale wadogo wa topeni waitwao vitwitwi, ambao ndio Mwalimu aliwapenda kuliko wote. Flamingo hakuwajali sana. Alisema flamingo wana watu wengi wa kuwapiga picha.

Kipande chetu kilikuwa upande ambao maji yamepanda na kumeza barabara ya zamani. Migunga imesimama ndani ya maji, imekufa, na tope limebaki ukanda mwembamba tu ambapo zamani lilikuwa uwanja. Vitwitwi hujazana hapo wakikimbia huku na huku. Kila kikundi hupewa askari wa mbuga mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na askari wetu alikuwa mtu wa kusinzia akiwa amesimama.

Kuhesabu ni kazi ya watu wawili. Mmoja huweka jicho kwenye darubini, ile kubwa yenye miguu mitatu. Wa pili huandika. Kwanza Mwalimu alitafuta ndege kumi, akaangalia hao kumi wamechukua nafasi gani, kisha akawa anaisogeza nafasi hiyo juu ya kundi lote, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kila akihama alisema "kumi", nami nikachora kijiti kimoja. Kumi, kijiti. Kumi, kijiti. Kulikuwa na sharti moja: mwandishi haangalii ndege. Wakiangalia wote wawili watabishana, na wakibishana ndege wataruka. Mwandishi anaandika anachoambiwa, basi.

Darubini ile ina tundu moja la kuchungulia. Mwalimu alitumia jicho la kulia siku zote, la kushoto akilifunika kwa kiganja. Nyumbani, sokoni, kanisani, macho yake mawili yalisaidiana kama ya mtu yeyote, moja likikosa jingine linaokota. Ni pale ziwani tu, asubuhi moja kwa mwaka, ambapo jicho la kulia lilifanya kazi peke yake. Na aliyekuwa karibu nalo ni mimi.

Mwaka wa kwanza wa hiyo mitatu nilivunja sharti kwa sababu ya kuchoka tu. Kulikuwa na upepo, karatasi inapepea, askari anasinzia, na mimi nina binokula shingoni, darubini ndogo ya macho mawili, ambayo binti yetu alininunulia kwa kuhurumia namna ninavyokaa bure. Mwalimu alikuwa amemaliza kundi la vitwitwi na anageuza darubini kwenda kwa bata. Nikainua binokula kutazama hilo kundi alilomaliza. Upande wa kulia, mwishoni kabisa, kulikuwa na ndege ambao hakuwa amewafikia. Si wawili watatu. Karibu sitini. Hawakuwa wametua sasa hivi, walikuwa wanachokoa tope kwa utulivu kabisa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikaufunga, nikaongeza vijiti sita.

Nina sababu, na nitaitoa, ingawa haitoshi. Asubuhi hiyo langoni msimamizi wetu, msichana mwerevu aliyekulia Longonot na kusomea mambo ya wanyama, alikuwa akigawa darubini, nazo zilikuwa chache kuliko vikundi.

"This year nataka kupatia vijana scope," alisema. "Wazee wangu mkae pale kwa tent, mpokee forms. Kuna chai na kivuli."

Mwalimu alimtazama tu. Darasa zima la watoto sitini liliwahi kunyamazishwa kwa namna hiyo ya kutazama.

"Lakini wewe Mwalimu hapana," msichana akasema upesi. "Wewe ndio jicho yetu."

Basi niliogopa watamweka kwenye hema. Nilimjua mke wangu, angekunywa hiyo chai mara moja na asirudi tena. Nikajiambia ninamlindia heshima.

Sababu ya pili sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilifurahi. Miaka zaidi ya thelathini mwanamke huyu amenisahihisha. Tahajia ya kibao cha duka langu aliisahihisha kwa chaki mbele ya wateja. Sasa hapa ndipo alipokosea yeye, kwenye kazi yake mwenyewe, nami ndiye niliyeona. Furaha ile ilikuwa ndogo na chafu, lakini ilikuwepo, na nilirudi nayo nyumbani.

Mwaka uliofuata sikusubiri kuchoka. Niliingia na binokula ndani ya koti, na kila alipomaliza kundi nilijifanya nakuna kidevu, nikaangalia. Walioachwa walikuwa wengi zaidi. Safari hii si upande wa kulia peke yake, hata juu na chini ya kundi. Alikuwa anahesabu katikati. Nikaweka chumvi mpaka hesabu ikaridhisha, vijiti vyembamba nilivyobana mwishoni mwa mistari.

Nyumbani dalili zilikuwepo kwa mtu anayetaka kuziona. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mlango aliopita maisha yake yote. Kuku akija upande wa kulia alimshtua. Kusoma alisoma vizuri tu, na sindano alitunga uzi mwenyewe. Mimi ni mtu ambaye anaulizwa habari za magonjwa kutwa nzima. Mkulima akiingia dukani namuuliza: anakula? Anatembea vipi? Anagonga vitu? Imeanza lini? Angekuja mtu kunieleza habari ya ng'ombe anayegonga mlango kwa bega moja, ningemwambia funga duka lako ukamtafute daktari wa kweli, leo hii. Kwa mke wangu nilisema uzee.

Kisha ikaja Jumapili ambayo naiota hadi leo.

Binti yetu anakaa Bondeni, mjini, ana kibanda cha kushona pazia na sare za shule. Alikuja kututembelea, na alipokuwa akiteremka kwenye stendi akamwona mama yake akivuka barabara mbele ya duka. Bodaboda ilikuja kutoka kulia. Mwalimu hakuigeukia hata kidogo. Kijana alikata kona akaingia kwenye mtaro, akatoka ametapakaa matope na matusi mdomoni, kisha akaona ni nani akayameza.

"Pole, Mwalimu. Sikukuona," akasema, wakati asiyeona hakuwa yeye.

Tulipoketi kula, binti yetu hakugusa chakula.

"Mum, kesho twende town ucheckiwe macho."

"Macho yangu iko na nini?"

"Hukuona ile boda. Haukuangalia kabisa!"

"Alikuwa anaendesha kama mwenda wazimu."

"Mum."

Mwalimu aliinuka akaenda chumbani. Akarudi na madaftari yetu ya ndege, yale ambayo mimi hunakili hesabu ndani yake kila tukirudi, maana karatasi zenyewe hubaki kwa msimamizi baada ya kupigwa picha. Na picha hizo pia Mwalimu huzichapisha na kuzibandika humo, yeye ni mtu wa kuweka kumbukumbu. Akayafungua mezani kati ya ugali na sukuma.

"Angalia hapa. Vitwitwi, mwaka jana. Vitwitwi, mwaka huu. Ndege kama kidole, iko mbali kutoka hapa mpaka kanisani. Jicho inaweza kuhesabu hiyo ndio unaniambia imeharibika? Yangu inashinda yako, wewe wa kushonea watu zipu kombo."

Binti yetu alizisoma hesabu. Kisha akanigeukia.

"Dad, ni kweli?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nakumbuka hata lilivyokuwa limepoa. Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa, na kilichotakiwa ni neno moja, hapana.

"Mamako ako na jicho," nikasema. "Wachana na yeye."

Mwalimu akafunga daftari. Akanipa kipande kikubwa cha kuku, akafurahi kwamba nimemtetea. Nikakila.

Miaka miwili ya kwanza naweza kuiita ujinga. Baada ya Jumapili ile siwezi. Nilikuwa nimeona bodaboda kwenye mtaro kwa macho yangu, kutoka dirishani mwa duka. Lakini ili aende hospitali ilinibidi nikiri kwamba zile hesabu ni zangu, na kila mwezi uliopita ulifanya kukiri kuwe kugumu zaidi. Niliomba, mimi ambaye siombi sana, kwamba jicho lipone lenyewe.

Januari ya tatu aliacha karibu nusu. Jasho lilinitoka na kulikuwa na baridi. Alikuwa akisema "kumi, kumi", sauti ile ile ya darasani, na mimi nachora vyake na vyangu hadi nikapoteza ni vipi ni vya nani. Tulipokuwa tukila viazi vitamu kando ya gari, msimamizi alipitia karatasi akasema kwingine ndege wamepungua lakini kipande chetu hakijabadilika, angalau kuna mahali pamoja pameshikilia. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Kisha, tukirudi, akasema jambo.

"Unajua, Daktari, mwaka huu kwa macho niliona wamekuwa kidogo. Nikasema wamepungua. Lakini ukijumlisha, wako tu vile walikuwa. Ajabu."

"Ni upepo," nikamjibu. "Unawakusanya pamoja."

Hakuna kitu kama hicho. Alikuwa ameanza kushuku mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na mimi nikamrudisha usingizini.

Aprili kanisani walikuja watu wa kupima macho na kuuza miwani ya kusomea. Mwalimu alikwenda kutafuta miwani tu. Walimwambia afunike jicho la kushoto, wakamwonyesha vidole pembeni, wakamuuliza ni vingapi. Alirudi na barua iliyokunjwa. Aliniletea dukani akaiweka kwenye kaunta, juu ya katalogi ya mbegu. Niliisoma: aende hospitali mjini, asikawie.

Hospitalini mjini walimpima kutwa nzima kwa mashine. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa ambao hauumi wala hauwashi, unaanza kula pembeni na kuja katikati. Jicho la kulia limebaki na tundu dogo tu la kuonea. La kushoto nalo limeanza. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Kuna matone, asubuhi na jioni, maisha yote, kulinda kilichobaki.

"Mama, ulianza kuona shida lini?" akauliza, kalamu tayari.

"Sijaona shida," Mwalimu akasema. "January hii nimehesabu ndege na hiyo jicho, nikapata number ile ile ya miaka yote."

Daktari akaandika. Akatikisa kichwa kidogo, akasema inashangaza, kwa kawaida jicho la namna hii lingekuwa limeonyesha mapema. Kama mngekuja miaka miwili iliyopita, akaanza, halafu hakumaliza. Mimi nilikuwa kwenye benchi, karibu naye kiasi cha kumgusa koti. Hata hapo nilinyamaza.

Matone nilimtia mimi. Akijaribu mwenyewe, matone yaliteremka shavuni yote. Alilaza kichwa kwenye kiti cha sebuleni, nikamshika kope, tone moja kulia, tone moja kushoto, kisha ilimpasa akae amefumba macho kwa dakika chache dawa iingie. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Alikuwa akinishukuru kila mara. Asante Daktari, asante. Nilifikia mahali nikawa naogopa saa ya matone.

Asubuhi moja, akiwa ameketi hivyo, uso juu, macho yamefumbwa, nilimwambia. Yakiwa wazi nisingeweza. Nilimwambia kuhusu binokula kwenye koti, kuhusu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwambia kuhusu Jumapili ya bodaboda. Sauti yangu ilikuwa ikienda mbio kama mtoto anayekariri.

Hakusogea hadi dakika zake zikaisha. Kisha akafungua macho, akachukua kitambaa akapangusa mashavu, polepole, kwanza moja halafu lingine.

"Ulikuwa unanionea huruma," akauliza, "ama ulikuwa unafurahi?"

Ningeweza kusema huruma, na pengine angekubali. Lakini nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe.

"Zote mbili," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. "Lete madaftari."

Siku nzima tulikuwa mezani. Duka halikufunguliwa. Alichukua kalamu nyekundu na rula, na ile lenzi ya mkono ya kusomea Biblia, akapitia picha za karatasi zetu mstari kwa mstari. Vijiti vyangu vilijulikana, vilikuwa vyembamba na vimebanwa. Pale visipojulikana aliniuliza, "Hiki ni chako?" nami nikasema ni changu, au nikasema sijui, na sijui aliiandika pembeni. Kila changu kilipigwa wekundu. Jioni akajumlisha vilivyobaki, mwaka baada ya mwaka, akaziweka hesabu tatu, moja chini ya nyingine. Zilishuka wazi kabisa. Lile swali la daktari, ulianza lini, jibu lake lilikuwa hapo, kwa mwandiko wangu.

Alizitazama kwa jicho la kushoto kwa muda mrefu. Hapo ndipo alipolia, kidogo tu, na hakutaka nimshike.

Kesho yake akampigia msimamizi simu. Nilidhani atasema kulikuwa na makosa. "Mwandishi wangu aliongeza ndege," akasema. "Ndiye huyu, atakueleza," na akanipa simu. Nikaeleza, nimesimama katikati ya sebule yangu, mzee mzima, masikio yakiwaka moto. 

"Haya, mzee," msichana akasema. "Asante kwa kusema. Nitazitoa hizo hesabu."

Miezi iliyofuata Mwalimu hakunigombeza hata mara moja. Ningependa angenigombeza. Alinipikia, nikamtia matone, alinisalimia kwa adabu anayowasalimia nayo watu asiowajua vizuri. Aliacha kuniita Daktari. Aliniita baba, kama wanawake wengine wanavyowaita waume zao, na neno hilo la kawaida liliniuma kuliko tusi. Binti yetu alikuja, akaambiwa, akaketi na mama yake jikoni mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka aliniaga bila kunitazama, na sikuwa na la kumlaumu.

Sikutarajia kwamba tungerudi ziwani Januari hii. Lakini wiki moja kabla nilikuta gambuti zetu za topeni zimeoshwa, zimeanikwa mlangoni, jozi mbili. 

Tulipofika kwenye kipande chetu msimamizi alinisaidia kusimika darubini. Nikaanza kukunjua kigoda nikae. Mwalimu alikishika kigoda, akakaa yeye, akaweka ubao wa karatasi magotini na kuchonga penseli kwa wembe.

"Utahesabu wewe," akasema. "Mimi nitaandika chenye unasema."

Sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili ya ndege. Niliweka jicho kwenye lile tundu na kwa muda sikuona kitu, ni kope zangu tu. Halafu tope likaja, na vitwitwi juu yake wanakimbia, wanasimama, wanakimbia. Nilitafuta kumi. Nikapata kumi wangu, nikaanza kusogea. Kumi, nikasema. Kumi. Nilisikia penseli ikikwaruza nyuma yangu, mara moja kwa kila neno, si zaidi. Nilipofika mwisho wa kulia nilikuwa nimelowa mgongo, na nikajisifu moyoni kwamba nimeiweza.

"Nimemaliza," nikasema.

Penseli haikuchora mstari wa kufunga hesabu.

"Umeruka," Mwalimu akasema. "Kuna wengine kushoto, kabla ya pale ulianzia. Nawasikia. Rudia."

Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba nimewahesabu wote, kwamba atawezaje kujua, kwamba mwandishi kazi yake ni kuandika. Nikageuza darubini kushoto ili nimwonyeshe. Walikuwepo, nyuma ya gogo, ukanda mzima wa vitwitwi, wakilia kile kilio chao chembamba ambacho miaka yote sikuwahi kukisikiliza. Nilikuwa nimeanzia mbele yao.

Askari aliamka akatuangalia, akasinzia tena. Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyenipeleka kwenye hema. Mwalimu alikuwa ameshapiga mstari juu ya hesabu yangu ya kwanza na penseli yake ilikuwa inasubiri kwenye mstari mpya.

Nikarudi mwanzo, nikahesabu upya. Ilituchukua dakika nne.